Sikumngoja Amalize Jina Lake

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na wale wa nyuma karibu na mlango ambao jua likipanda kidogo tu wanaanza kutafuta viatu. Mimi ni Bibi Kabula binti Masunga, mzaliwa wa upande wa Mwadui, mkaaji wa machimbo tunayoyaita Kwa Nkwabi, mwendo wa bodaboda kutoka Kharumwa. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mtakaosoma haya nisameheni mwandiko. Mambo yenyewe ni ya kweli.

Kwanza niwataje waliokuwepo siku ile. Alikuwepo Athumani, msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia, Mwislamu wa Tabora, mtu wa haki. Walikuwepo Masanja na mdogo wake Sitta, wachimbaji, wateja wangu wa chai. Alikuwepo mjukuu wangu Veronika, mtoto wa binti yangu Leokadia, wa miaka saba wakati ule. Alikuwepo Kashinje Luhende, lakini yeye alikuwa chini ya ardhi. Na alikuwepo jirani yangu Mama Lushinge, ambaye bila yeye nisingekuwa na ushuhuda wowote wa kutoa.

Ndugu zangu, leo nawataja hivi kwa majina yao. Zamani nisingeweza.

Mimi nilikuwa na ulimi. Sisemi ulimi wa matusi, matusi niliyaona ni ya walevi. Mimi nilikuwa nawapa watu majina. Nilikuwa na kibanda cha chakula pale machimboni, wali, ugali, maharage, dagaa, na watu walikuja kula na kusikia Bibi Kabula leo amembatiza nani. Fundi viatu mwenye upara nilimwita Kioo. Kijana mmoja mrefu nilimwita Nguzo ya Umeme. Jina likitoka kwangu na chai ya asubuhi, mchana limeshafika kwenye makarasha ya kusagia mawe, na jioni mwenye jina anaitwa hivyo na watoto. Nilicheka! Wote tulicheka. Nilijiona mtu wa furaha.

Wala msidhani sikujua linavyouma. Nilipokuwa mtoto jino langu moja lilitokeza nje, wenzangu wakaniita Jembe. Siku moja mwalimu akasahau, akaniita Jembe mbele ya darasa zima, sikurudi tena. Hiyo ndiyo sababu ya darasa la tatu. Lakini moyo wa mtu, ndugu zangu! Badala ya kusema, hili limeniuma, nisimfanyie mwingine, mimi nikaona dawa yake ni kuwahi. Mpe mtu jina kabla hajakupa wewe. Nikawahi hivyo miaka hamsini.

Sasa Kashinje. Alikuja kwetu kutoka upande wa Ushirombo, mtu mzima, mabega mapana, mpole. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kibanda akanipa shikamoo yangu. Ilimchukua muda kuitoa. Nikaitikia, nikamwuliza, "Tukuite nani, mwanangu?"

Akaanza, "K... k... k..." Shingo ikakaza, macho akayafumba.

Mimi nikiwa na mwiko mkononi nikasema, "Jamani, tumeletewa mkweche! Pigeni kiki, labda utawaka!"

Masanja akaruka juu ya benchi, akajifanya anapiga kiki pikipiki mbovu. "Bibi, hauna mafuta huu!" Kibanda kizima kikaanguka kwa kicheko. Yule mtu akafumba mdomo, akatabasamu, akakaa, akala. Kuanzia siku hiyo akawa Mkweche. Mwaka na nusu amekula chakula cha mikono yangu, na jina lake sikulijua, kwa sababu sikumngoja amalize.

Na kulikuwa na yule jirani. Ninyi mnajua kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mimi ni Mama Leokadia, huyu Mama Shija, yule Mama Kulwa. Yeye alifika peke yake, akawa anauza matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, nje ya mlango wake. Mtu mmoja kibandani kwangu akauliza, "Yule ni mama nani?" Nikajibu, "Ndiyo hivyo hivyo, Mama Nani." Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Jina likashika. Mjukuu wangu Veronika alikuwa akipita pale anapiga goti kwa adabu zote, anasema, "Shikamoo, Mama Nani." Mtoto hakujua ni dhihaka. Mimi ndiye niliyemfundisha heshima, na ndani ya heshima nikamtilia sumu.

Yule mama akaacha kuja penye watu. Hakuja kisimani mchana, hakuja msibani. Mimi nilisema anaringa.

Ikawa Ijumaa moja, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Nikiwa napepeta mchele nikasikia mtikisiko, halafu mayowe. Duara la Athumani limeporomoka! Tulikimbia wote. Ndani walikuwa watatu. Masanja na Sitta walitoka wakitambaa kupitia duara la jirani, weupe kwa vumbi kama wamepakwa unga. Sitta alikuwa analia, anasema, "Mkweche alikuwa nyuma yetu. Miti ya matimba imekatika. Yuko nyuma."

Sasa sikilizeni jambo lilivyokuwa, maana hapa ndipo uhai wa mtu ulipokaa. Kulikuwa na njia mbili. Kama yu hai, wachimbe kwa mikono kupitia lile duara la jirani, polepole, wakitegemeza udongo kwa miti. Lakini huko nako kulikuwa kunadondoka, na anayeingia anaweza asitoke. Kama amekwisha kufa, basi kijiko, lile greda la kuchimbua, lingefumua kutoka juu, wautoe mwili. Na kijiko kikigusa pale juu, aliye hai chini hana lake tena.

Bomba la plastiki la kupitishia hewa lilikuwa bado limesimama. Athumani akaliinamia akaita, "Mkweche! We Mkweche! Uko hai?" Kimya. Wakaja wengine, kila mtu anapiga kelele bombani, jenereta zinanguruma, makarasha yanasaga, "Mkweche! Mkweche!" Kimya. Mtu wa kijiko akawa ameshawasha mashine.

Athumani akafuta uso, akasema, "Haya, tupeleke habari kwa ndugu zake. Jina lake nani huyu?"

Masanja akamwangalia Sitta. Sitta akamwangalia Athumani. Halafu wote, ndugu zangu, wote wakanigeukia mimi. "Bibi, si anakula kwako? Wewe unamjua kila mtu."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu! Mimi, mwenye majina ya watu wote! Jina moja tu ndilo lilikuwa ndani, na lilikuwa la mkweche.

Veronika akanivuta kitenge. Akasema, "Bibi, Mama Nani anamjua. Huwa wanakaa wote jioni wanakula matobolwa."

Nikamwambia Athumani, "Baba, zuia hicho kijiko. Nakuomba, nizuilie." Nikakimbia. Magoti haya mnayaona, lakini nilikimbia. Nikafika mlangoni.

"Hodi!"

"Nani?"

"Ni mimi, Bibi Kabula."

Akasema akiwa ndani, "Bibi Kabula hajawahi kupiga hodi hapa. Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe."

"Mimi nani?"

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana aliponishika. Nilisimama mbele ya mlango wa mtu niliyekaa naye jirani miaka minne, sina cha kumwita. Nikimwita lile, namtukana. Lingine sina. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, mimi mzee, yeye umri wa binti yangu. Nikasema, "Nisamehe, mama. Jina lako silijui. Na yule mwenye kigugumizi amefukiwa, na la kwake pia silijui."

Mlango ukafunguka, mikono yake imejaa unga. "Kashinje?"

"Nadhani ndiye."

"Kashinje Luhende, wa Ushirombo. Mama yake anaitwa Nyamizi." Alikuwa ameshaanza kukimbia huku anasema. Nikaanza kumwomba radhi njiani. Akasema bila kugeuka, "La kwangu utaniuliza baadaye."

Alipofika kwenye duara watu wakampisha. Nikasikia mmoja anaguna, "Hee, Mama Nani naye leo kaja." Mama huyu hakumwangalia. Akamwambia Athumani, "Zimisha mashine zote." Athumani akapiga mluzi, jenereta zikazimwa, makarasha yakasimama, hata kijiko. Sijawahi kusikia machimbo yale yakiwa kimya namna ile. Unasikia kuku wa mbali.

Akainama kwenye bomba. Hakupiga kelele. Akasema, "Kashinje. Kashinje Luhende. Ni mimi. Usiharakishe. Tunakungoja."

Tukangoja. Sitta akaanza, "Lakini mama, kama..." Mama akainua mkono. "Ngoja. Akishtuka anachelewa. Mngemngoja tangu mwanzo."

Tukangoja tena. Mimi nikiwa chini nikaomba. Sikuwa na maombi marefu. Nilisema, "Bwana, hiki kinywa nilikifunga mimi. Kifungue wewe, na changu ukifunge."

Ndipo ikatoka. Kwa mbali, kwenye lile bomba, kama mtu anagonga ukuta kwa kidole.

"N... n... n..."

Haleluya! Hakuna aliyecheka. Masanja, yule yule aliyeruka juu ya benchi, alivua kofia akaiuma. Sauti ile ile tuliyoichekea mwaka na nusu, leo watu wazima wenye misuli walikuwa wanaililia machozi. Tukangoja, tukangoja, mpaka akamaliza.

"N... nipo."

Athumani akasema, "Allahu Akbar," mimi nikasema, "Asante Yesu," na hakuna aliyemkataza mwenzake. Kijiko kikarudishwa nyuma. Masanja akawa wa kwanza kuingia kwenye lile duara la jirani kuchimba kwa mikono, Sitta nyuma yake. Kila baada ya muda mama anaita bombani, kila mara tunangoja, kila mara anajibu. Saa kumi jioni wakamtoa. Mguu ulikuwa umevunjika, uso haujulikani kwa udongo, lakini anapumua!

Kabla hawajampandisha kwenye gari la kwenda hospitali nikasogea. Nikamsalimia kikwetu, "Mwadila, baba." Halafu nikamwuliza upya lile swali la siku ya kwanza: "Tukuite nani, mwanangu?"

Jina lake nilikuwa nimeshalijua. Lakini nilitaka nilipokee kwake. Akafumba macho. "K... k... k..." Dereva akapiga honi. Athumani akamwambia, "Subiri wewe!" Nikakaa pale nimeshika mkono wake, sikumsaidia, sikumalizia. Akalitoa lote, la kwake na la baba yake. Halafu akaongeza, "B... Bibi... l... leo umeniwekea w... wali?" Nikacheka na kulia pamoja.

Siku ya tatu nikaenda kwa jirani, nikapiga hodi. Nikasema, "Mama, nimekuja kwa ile baadaye." Akanikalisha. Akasema, "Mimi ni Mama Lushinge. Aliishi siku nane. Kitovu kilikuwa kimeshaanguka, jina tulikuwa tumeshampa. Tangu nifike hapa hakuna aliyeniuliza, na lile mliloniita, kila mkiniita, lilikuwa linasema hakuzaliwa." Tulikaa tu. Baadaye akanipa matobolwa, nikala.

Nilimwita Veronika nikamwambia, "Nilikufundisha vibaya." Akauliza, "Kumbe Mama Nani si jina?" Nikamwambia si jina, ni mdomo wa bibi yako. Tukashikana mikono tukaenda mlango kwa mlango kwa wote niliowabatiza, kuuliza majina yao. Wengine walinipokea. Fundi viatu alinijibu, "Umechelewa, Bibi. Siku hizi hata mke wangu ananiita Kioo." Akafunga mlango. Nilistahili. Baadaye aliniambia anaitwa Lukas Ng'wandu, na kila nikipita namwita hivyo kwa sauti, asikie na mkewe.

Leo Kashinje anatembea, anachechemea kidogo, amerudi kwao kulima, na Pasaka alimleta mama yake Nyamizi kutusalimia. Kibandani kwangu mgeni akiingia anaulizwa jina, na hakuna mwiko unaogusa sufuria mpaka amemaliza kulisema. Veronika ndiye askari wa sheria hiyo. Masanja akisahau akaanza utani wake, mtoto anamwambia, "Mjomba, ungekuwa wewe?" Masanja anakaa, anamwuliza mgeni jina.

Bwana alituambia tuwatendee watu kama tunavyotaka kutendewa. Mimi nililisikia neno hili tangu ubatizo wangu, nikadhani ni la kugawana chakula. Kumbe hata kumngoja mtu amalize ni kumtendea! Wewe ambaye ulimi wako umekufunga, mdogo au mzee kama mimi, usikate tamaa. Mtumaini Bwana. Alinifungua na miaka sitini na mitano mgongoni, na wewe hujachelewa.

Nimeandika kwa kukumbuka, na mimi ni mzee. Inawezekana jina la mtu nimelikosea, au nimemwita mtoto wa huyu kumbe ni wa yule. Tafadhali usininyamazie, wala usiseme ndivyo Bibi alivyo. Njoo kibandani uniambie. Liseme polepole kadiri unavyotaka. Nitaweka mwiko chini, nikungoje umalize.