Mkanda wa Sista Awiti

Hapa Mugutha, kando ya duka la mbao, kuna benchi limeegemea ukuta wa mabati, na wenyewe ni wanaume watatu ambao kwao nyumbani hawaulizwi maoni. Muriithi tunamwita Profesa, maana aliwahi kufundisha nasari muhula mmoja. Calvince ni Network, habari humfikia kabla ya kutokea. Wambua ni Serikali, hajawahi kukubali kosa. Swaleh huwauzia kahawa ya tangawizi, nami huwa nawasikiliza bure. Juzi kesi ilikuwa ya Sista Awiti, nesi wa watoto pale dispensari, aliyeshikwa na mkanda wa jeshi. Wazee walikuwa wanaamua kama ataruhusiwa kushika mtoto tena.

NETWORK: Malengelenge yametoka mgongoni, yako hapa kwa mbavu. Yakikutana mbele, ameenda.

PROFESA: Yamebakisha vidole viwili. Nimeona na haya macho.

SERIKALI: Ameyatoa wapi kama si kwa watoto? Miaka yote anapumuliwa tetekuwanga kwa uso! Wamemjaza, sasa imemwagika.

PROFESA: Zii! Kisayansi, mtoto akilia, ile kelele inaingia kwa neva. Neva zikichoka, ngozi inachemka.

NETWORK: Haiya! Si walimu wa nasari wangekuwa wameisha?

PROFESA: Kwani unadhani niliacha kwa nini?

NETWORK: Kuna jamaa huko Ngoingwa anakuchora duara na makaa. Mkanda ukifika hapo, unapiga reverse.

SERIKALI: Hata akichorwa, asirudi kwa watoto wetu. Kesho tunaambia mkubwa wa dispensari.

SWALEH: Serikali, kijana wako akiwa na nimonia, si ni huyu Awiti alikaa na yeye?

SERIKALI: Hiyo ilikuwa kazi yake.

Nilitaka kummwagia kahawa, walahi, lakini ilikuwa tamu.

Mara akaja mama tusiyemjua, mtoto mgongoni, thamosi mkononi. Mtoto alikuwa na makovu ya tetekuwanga usoni, ya kitambo. Serikali alisogea upesi mpaka akabaki na tako moja kwa benchi.

MAMA: Habari zenu, wazee. Naitwa Apiyo. Sista Awiti alinitibia huyu mtoto, nimemletea uji.

PROFESA: Mama, usijaribu! Aliambukizwa na watoto kama huyo wako.

APIYO: Hapana, mzee. Daktari amenieleza. Ni tetekuwanga yake mwenyewe, ya utotoni. Ilikuwa imelala mwilini, sasa imeamka. Vidonda vikikauka, anarudi kazini.

SERIKALI: Hao madaktari...

APIYO: Sawa. Anaishi wapi? Nimeambiwa nyinyi mnamjua sana.

Network akatoa simu, akaitazama kama inayoita. Serikali akakohoa.

SWALEH: Profesa, si umeona mkanda na macho yako? Onyesha mama nyumba.

Profesa akanyoosha mkono kuelekea barabarani, akaurudisha mfukoni. Apiyo akangoja, kisha akamgeukia mama mboga ng'ambo ya njia.

— Kwa Awiti? Si hapo tu! Nyuma ya hiyo mabati wazee wameegemea.

Hakuna aliyethubutu kugeuka. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, imechoka lakini imetulia:

— Karibu, Apiyo. Mlango uko wazi. Nimekusikia. Hata hao wengine nimewasikia tangu asubuhi.