Tumbo la Waya, Ndiyo ya Mwingine

Marehemu mdogo wetu, fundi umeme tuliyezoea kumwita Waya, alidhulumiwa. Akili ilikuwa timamu na kauli ilikuwepo, lakini wodi ya wazazi ilikataa kumpasua mpaka mumewe aseme ndiyo.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1991, kitinda mimba wa watoto watano. Alimaliza sekondari mwaka 2009, akahitimu ufundi umeme mwaka 2012, msichana pekee darasani. Tangu hapo alijipatia riziki kwa kufunga nyaya majumbani.

Alifunga ndoa tarehe 21 Novemba 2015. Sherehe ilipopamba moto, taa zikazimika. Waya alivua viatu, akapanda ngazi na gauni lake jeupe. "Bwana harusi, mulika juu," alisema. "Huko unakomulika hakuna fyuzi." Ukumbi mzima ulicheka gizani.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, alifikishwa hospitali akiwa na uchungu, mtoto amelala kikingamo. Daktari alitaka apasuliwe mara moja. Mumewe, mchimbaji, alikuwa chini mgodini, simu haishiki. Mama mkwe aliulizwa.

"Niseme nini mimi, na mwanangu hayupo? Likiharibika nitamjibu nini?"

"Mama, tumbo ni langu," Waya alisema, kisha akamgeukia muuguzi. "Nipasueni. Nimesema mimi."

"Dada, tunakuelewa. Lakini tunamngoja mwenye mke."

"Mwenye mke yuko chini ya ardhi. Mnataka nimtangulie kuzikwa?"

Tuliuliza ni sheria gani. Tukajibiwa kwamba ndivyo wanavyofanya siku zote. Kutwa nzima Waya alilala akiutazama mlango wa chumba cha upasuaji, ng'ambo tu ya korido. Shemeji alipotoka mgodini jioni na simu yake kushika, alijibu kabla swali halijaisha: "Mpasueni." Mtoto wa kiume alitolewa hai. Kizazi kilikuwa kimechoka, hakikuweza kujikaza, na damu haikuzuilika. Waya alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7.

Ameacha mume, binti wa miaka minane, mtoto mchanga, wazazi wetu na sisi ndugu zake wanne. Mama mkwe tumemshika mkono. Desturi ile hakuitunga yeye. Mola ampumzishe pale ambapo hatahitaji kuombewa ruhusa.

Jumatatu, tarehe 9 Juni, hospitali ilitangaza kwamba mama mwenye akili timamu atajiamulia mwenyewe. Jana, tarehe 13, mwanamke mmoja alisema ndiyo kwa kinywa chake, akapasuliwa papo hapo. Yeye na watoto wake mapacha wamo wodini, wazima.