Macho ya Shaibu

“Bibi, huyu mwanamume ananifanya mjinga.” Ndivyo alivyosema Lujain asubuhi, akabeba begi lake, akaenda zake Buguruni kwa mama yake. Bi Nunu akayarudia maneno hayo kijiweni Msimbazi, mbele ya duka la fotokopi la Vivek, kikombe cha kahawa mkononi. Kesi yenyewe: Lujain, mjukuu wake, kamtuma mumewe Shaibu kanga za kijani, sare ya harusi ya Jumamosi. Shaibu kaleta za kahawia, tena anaapa ni kijani! Mwenyewe kajikunja mwisho wa benchi. Vivek, hodari wa hizi kompyuta zilizomwagika Kariakoo, kapiga picha kanga ya kijani na ya kahawia, kaiingiza kwenye programu inayoonyesha anavyoona mtu asiyetenganisha rangi.

—Ndiyo hii, Bibi. Anavyoona Shaibu.

—Zote kama uji wa ulezi! —Dokta, muuza mizizi, akacheka. —Sawasawa kabisa.

—Umejuaje? Umewahi kulala ndani ya jicho lake? —Huyo Wakili, ambaye mahakamani kaingia mara moja, kama mshtakiwa. —Mashine hiyo imepimwa kwa macho ya Wazungu. Ya bluu yale!

—Wapi! —Dokta akadakia. —Jicho ni maji. Maji ya Dar yana chumvi, kijani kinachuja.

—Basi Upanga nzima, wanaooga maji ya visima vya chumvi, wangekuwa hawaoni! —akajibu Wakili.

Anaeli, mama muuza nyanya wa Buguruni aliyekuja kutoa fotokopi, akachungulia.

—Samahanini. Mwenyewe mmemuuliza?

Bi Nunu akaona haya. Kesi zote za ukoo anaamua yeye, leo kamsahau mshtakiwa.

—Shaibu, njoo. Picha ya kanga zenyewe hii, ya mashine hii. Kwako zinafanana?

—Hapana, Bibi. Ya mashine imepauka.

—Mashine mwongo! —akaruka Wakili.

—Tulia wewe. Vivek mwanangu, punguza huo ukali wa mashine.

Vivek akapunguza. Shaibu akatikisa kichwa. Akapunguza tena.

—Hapo! Hapo sioni tofauti ya picha hizi mbili.

—Anasema hivyo ili mke arudi —Wakili akang'ang'ania.

—Wakili, angekuwa mwongo, si angesema zinafanana toka ile ya kwanza? —Bi Nunu akamkata.

Vivek akaichapa picha kwa rangi, Bi Nunu akamkabidhi Anaeli.

—Mwanangu, mpitishie Lujain. Mwambie macho ya mumewe ndiyo haya, tumeyapima. Kanga waende kununua wote wawili. Na useme kwa sauti, mama yake naye asikie.