Baba wa Kwenye Simu

Fundi cherehani alikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, basi likielekea kambini, na masikio yake yalikuwa yameshahamia siti ya mbele.

"Miezi kumi na minne mume wangu yuko mbali, mama!" alisema mke wa askari, akiwa amempakata binti yake. "Huyu anamjua baba wa kwenye simu tu, kichwa na mabega. Leo tukishuka, namsukuma moja kwa moja mikononi mwake."

"Usithubutu, mwanangu," akajibu mama mtu mzima, ambaye mumewe pia alikuwa askari zamani. "Binti yangu alimwamkia baba yake 'shikamoo, mgeni' siku tatu nzima. Mwache baba achuchumae, asubiri."

"Asubiri tena? Si amesubiri vya kutosha!"

Walibishana huku wakicheka mpaka fundi akapitiliza kituo chake, wala hakujuta.

Basi liliposimama langoni, askari walikuwa wamejipanga wakipunga mikono. Mke wa askari akapiga kigelegele, akamsukumia mtoto mapajani mwa yule mama mtu mzima, akaruka chini na kutimua mbio.

Mtoto akachungulia dirishani. "Bibi," akauliza, "mama anamkimbilia nani?"