Aliyetufundisha Tusimtazame

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkufunzi wetu wa kuhuisha moyo uliosimama anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Katika miaka yote hiyo amekuwa kiguu na njia, leo wodi ya wazazi, kesho jikoni, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba alimwona ameketi. Kwenye mlango wa ofisi limeandikwa jina alilopewa na wazazi wake. Sisi tunamwita Mama Hatulii, naye huitika.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wanaume. Enzi hizo, moyo wa mgonjwa ukisimama, desturi ilikuwa kukimbia kumtafuta daktari. Daktari alipofika, mara nyingi kazi iliyobaki ilikuwa kumfunika mtu shuka. Alifunika wengi mno. Aliporudi kutoka masomoni akiwa mkufunzi, aliomba chumba, akapewa stoo ya mashuka nyuma ya chumba cha dobi, yenye dirisha moja na harufu ya sabuni isiyokwisha. Humo ndimo wauguzi, wakunga, waganga na madaktari bingwa walimopigishwa magoti, bila kuulizwa cheo.

Aliyelala sakafuni alikuwa sanamu ya mpira, kiwiliwili kisicho na miguu, sikio moja limenyofoka. Wanafunzi wa kwanza walimwita Marehemu. Mama Hatulii akawaka. Kuanzia leo, akasema, huyu ni Shemeji: "Akikufia mikononi, utamweleza nini dada yako?" Jina likaganda. Hadi sasa ukipita pale utasikia mtu akihema, "Jamani, Shemeji kaanguka tena!" na mwenzake akimjibu, "Huyo naye kazidi. Mwambieni apunguze chumvi."

Methali moja ilipigwa marufuku katika stoo ile. Daktari mmoja mpya, mtu wa madaha, alikuwa akivaa glavu kidole kimoja kimoja huku akisema haraka haraka haina baraka. Mama Hatulii alimjibu kwamba moyo uliosimama haujui methali. Daktari huyo leo ni mkuu wa idara, na glavu anazivaa akiwa mbioni.

Uongozi ulimpa kiti kizuri chenye mto. Akamkalisha Shemeji. Chai aliinywa akitembea, au tuseme aliipeleka matembezi, kwa kuwa ukitaka kujua amepita wapi ulifuata vikombe vilivyopoa madirishani: kimoja maabara, kimoja famasi, kimoja juu ya mashine ya kushtua moyo, ambayo kila asubuhi aliikagua betri kabla ya kumsalimia mtu.

Kisa kinachofuata ameagiza mwenyewe kiandikwe. Alipoonyeshwa rasimu ya kwanza ya wasifu huu alisema ina sukari nyingi, akairudisha.

Katika ufundishaji wake wa awali alikuwa na mtindo mmoja. Mwanafunzi akikosea, yeye hupiga kofi moja kwa viganja vyake, pa! Mikono yote inasimama, nyuso zinainuka kumtazama, naye anasahihisha: viwiko vimekunjwa, kifua hakijaachwa kirudi juu, wewe umechoka na hutaki kumpisha mwenzako. Kisha wanaendelea. Ulikuwa mtindo mzuri, na waliofuzu kwake walisifiwa kila walikokwenda.

Siku moja fundi cherehani wetu, yule anayeshona mashuka yaliyochanika, alianguka mbele ya dirisha la famasi. Wanafunzi wa Mama Hatulii walimfikia mara moja. Mmoja alipiga magoti akaanza kukandamiza kifua, mwingine akakimbilia mashine. Kila kitu kilikwenda kama walivyofundishwa. Naye Mama Hatulii, aliyesikia kelele akiwa stoo, alitokea kwenye kona ya ukumbi.

Walipomwona, mikono ikasimama.

Hakupiga kofi. Wao waliinua nyuso, kama walivyofanya mara zote juu ya Shemeji, wakangoja kusahihishwa. "Tuko sawa, mwalimu?" aliuliza aliyepiga magoti. Mama Hatulii akapaza sauti iliyosikika hadi getini: "Mnaningoja mimi? Kandamizeni!"

Fundi alipona. Yuko nasi na atakaa mstari wa mbele siku ya sherehe ya kumuaga. Ila si vidole vyake vyote vilivyorudiwa na nguvu, na hadi leo mkewe ndiye anayemtungia uzi sindanoni. Hakuna daktari awezaye kusema kama chanzo ni kile kitambo cha mikono kusimama au ni ugonjwa wenyewe. Mama Hatulii hakutaka kuliacha swali hilo lipumzike. Hakuna aliyemlaumu. Fundi mwenyewe humtania kwamba sindano ilikuwa inamchosha tangu zamani.

Kofi likafa siku ile. Alianza upya, akawaita wote aliowahi kuwafundisha, wakubwa kwa wadogo, wakanuna, wakaja. Sasa alisahihisha huku mikono ikiendelea. Alisimama nyuma yao wasimwone. Alitoka nje katikati ya zoezi akafunga mlango. Aliyeinua uso kumtafuta alianza tena tangu mwanzo. "Usinitazame mimi, mimi sifi leo," alikuwa akisema. "Mtazame Shemeji." Wauguzi wa zamu za usiku walimwona akichungulia mlangoni hata siku za likizo, kilemba kikiwa kimekaa upande.

Watu walidhani ni ukali. Sisi tuliowahi kuhama nyumba zaidi ya moja tunaijua hali hiyo. Anayekaribia kuondoka husumbuliwa na jambo moja, kama alichokisimamisha kitasimama akigeuza mgongo. Kadiri tarehe ilivyokaribia, ndivyo alivyozidi kutotulia. Alikwishaandika barua ya kuomba aongezewe muda. Alikuwa nayo mfukoni.

Wiki iliyopita, dereva aletaye mitungi ya oksijeni alianguka kwenye korido ya jikoni. Mama Hatulii alifika wa nne au wa tano, akihema, akasimama mlangoni palepale inapopita mashine. Mkunga alikuwa amepiga magoti, mikono kifuani, akihesabu kwa sauti. Hakugeuka. Alimpisha mwenzake bila pengo, akasikia magurudumu ya mashine yamekwama nyuma yake, akasema bila kuinua kichwa, "Uliyeziba mlango, tupishe!"

Mama Hatulii akapisha. Alijibana ukutani kati ya ndoo mbili za jikoni, mikono nyuma. Mashine ikapita. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Dereva alishtuliwa mara mbili, akakohoa, na jambo la kwanza aliloulizia lilikuwa mitungi yake.

Mkunga alipogundua amemfokea nani, alikwenda stoo kuomba radhi. Alimkuta Shemeji amelazwa sakafuni, na Mama Hatulii amekaa kitini, miguu ameinyoosha, anakunywa chai. Ilikuwa bado inatoa moshi. Barua ilikuwa kwenye kapu la taka, imechanwa vipande vinne.

Mkunga huyo ndiye atakayerithi stoo, Shemeji na harufu ya sabuni. Kiti unaondoka nacho wewe, Mama Hatulii, uongozi umeridhia. Ahsante kwa magoti yetu yenye sugu, na kwa watu wanaotembea mjini bila kujua jina lako. Tunakuombea afya njema, wajukuu wakorofi, na chai inyweke ikiwa moto. Utakapotukumbuka, mlango u wazi. Ila ukitukuta kazini, mama, tupishe.