Waya Kutoka Pajani Hadi Kichwani

Kavindu alijifanya amelala, maana ndani ya treni ya Dandora hivyo ndivyo mtu husikia vizuri. Mbele yake mzee Nzau, mchonga twiga, alikuwa akimweleza Habibo, muuza vitambaa aliyekutana naye asubuhi hiyo, kuhusu ugonjwa wake mwenyewe. "Mshipa huu wa damu kila mtoto huwa nao kichwani akiwa tumboni mwa mama, halafu hujifunga. Wangu ulikataa kujifunga," alisema, kwa fahari kidogo. "Sasa umetuna kichwani kama tyubu ya baiskeli. Daktari anataka kuingiza waya pajani, aupandishe hadi huko, aukunjekunje ndani ya uvimbe mpaka uzibe. Mama, mimi nikirekebisha kichwa cha twiga sianzii mguuni!"

"Twiga wako hana damu, mzee. Huo uvimbe ukipasuka je?"

Nzau alijigusa shingo. "Basi wapitie shingoni. Ni karibu."

"Hii treni nayo, inapita palipo karibu ama palipo na reli?"

Treni ikasimama Makadara. Nzau akateremka polepole, mkono mmoja kichwani, mwingine pajani, kama mwenye nyumba asiyejua mwizi ataingilia mlango upi.