Sabuni Niliyoipika kama Uji

Ndugu zangu wa kikundi, nimesimama kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kuacha kazi ya sabuni.

Mnaujua ule unga wa kufanya sabuni ya maji iwe nzito. Baridi ya Julai ilipoufanya ugome kuyeyuka, nikaanza kuuchemsha pamoja na maji ya limau ya kuleta harufu. Sabuni ikatoka nyepesi. Mteja wangu mkubwa, mama mwenye hoteli pale Sagana, aliinamisha chupa mbele ya wafanyakazi wake.

"Baba, hii ni sabuni ama umeniletea maji ya kuosha sufuria?"

Wakacheka. Akaongeza, "Ijumaa ukileta ingine kama hii, usishushe hata mtungi mmoja."

Sisi tumelelewa na uji: ukiwa mwepesi, unauacha motoni. Basi nikachemsha saa mbili, kisha tatu. Mnacheka, lakini ni nani hapa angefanya tofauti? Ikazidi kuwa maji. Nikadhani nimeuziwa unga hafifu, nikaenda kwa muuza unga nikamwita mwizi sokoni, watu wakisikia.

Kemia nimejisomea kwa vitabu vya kuazima. Kimoja kilieleza kwamba chembe za unga huu ni minyororo mirefu. Majini kila mnyororo hujikunja kama furushi la uzi, ukazuia maji kutiririka. Ukiukata vipandevipande, uzito kwenye mizani utabaki uleule, lakini maji yatapita upesi. Na moto ukiungana na limau huikata minyororo hiyo.

Alhamisi nilichukua ndoo mbili za maji zilizo sawa, nikatia kijiko kimoja cha unga katika kila moja. Moja nikaikoroga baridi kwa muda mrefu mpaka unga ukayeyuka, nyingine nikaichemsha na limau, nikangoja ipoe. Nikapitisha kila moja kwenye bomba la sindano, mke wangu akihesabu kwa saa ya simu. Maji matupu: sekunde kumi na mbili. Isiyopikwa: thelathini na moja. Iliyopikwa: kumi na tano.

Nawaambia, nilikaa chini. Mwizi alikuwa jiko langu.

Ijumaa nilipeleka sabuni iliyokorogwa baridi, limau kidogo mwishoni. Yule mama akainamisha chupa, akangoja sabuni ishuke polepole.

"Haya, shusha mitungi."

Namshukuru mke wangu, aliyerudia kuhesabu bila kunung'unika. Namshukuru pia muuza unga, ambaye yuko hapa leo. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu namwomba radhi. Nanyi, kabla ya kumlaumu mtu, pimeni kwanza kazi ya mikono yenu.